Kodi ya umeme Denmark imeshuka: kwa nini bili haikushuka kama ulivyotarajia

Tangu tarehe 1 Januari 2026, kodi ya umeme nchini Denmark, inayoandikwa elafgift kwenye bili, ni øre 0.8 (øre 100 ni krone moja) kwa uniti moja (kilowati-saa moja), na itabaki hapo hadi mwisho wa 2027. Mwaka 2025 ilikuwa øre 72. Ukiongeza moms, yaani VAT ya Denmark, ya asilimia 25, uniti imeondokewa na mzigo wa karibu øre 89. Kaya inayotumia uniti 2,000 kwa mwaka inaokoa takriban kroner 1,780, na hakuna fomu ya kujaza wala maombi ya kupeleka popote.

Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini malalamiko yanayotoka kwa wakazi wanaozungumza Kiswahili yanaonyesha kuwa wengi waliichukua kama punguzo la bei ya umeme wote, na sasa wanamwita muuzaji wao wa umeme mwizi. Kilichoshuka ni mstari mmoja wa bili. Kabla ya kulalamika, soma mistari mingine.

Wenye pampu ya joto au hita za umeme zilizosajiliwa ndio wanaoshangaa zaidi. Wao tayari walikuwa wakilipa kodi ya kiwango cha chini kwa uniti zote zilizozidi 4,000 kwa mwaka. Aliyetumia uniti 9,000 amepata nafuu kwenye zile 4,000 za kwanza tu. Zilizobaki hazikuwa na cha kupunguzwa.

Umeme wenyewe hupangiwa bei siku moja kabla, kwenye mnada wa pamoja wa Ulaya, na bei za kesho hutoka mchana. Tangu Oktoba 2025 kila robo saa ina bei yake. Nchi imegawanywa kanda mbili: DK1 ni Jylland na Fyn, DK2 ni Sjælland na visiwa vya mashariki pamoja na Bornholm. Kanda hizo zinaunganishwa na kebo moja ya megawati 600 inayopita Storebælt, mlango-bahari kati ya Fyn na Sjælland, iliyoanza kazi 2010. Kebo hiyo ikijaa, bei za pande mbili huachana. Kwa hiyo kulinganisha bili yako ya Aarhus na ya ndugu yako aliyeko Copenhagen hakuthibitishi kwamba umeibiwa.

Swali linalorudi kila wiki ni hili: upepo ni wa bure, na unatoa takriban nusu ya umeme wa nchi, mbona tunalipa? Mnada hauangalii wastani. Mitambo hupangwa kuanzia ya bei nafuu kwenda juu, na mtambo wa mwisho unaohitajika kutosheleza mahitaji ndio unaoamua bei ya wote. Denmark nayo haiko peke yake sokoni. Ina kebo za jumla ya megawati 1,700 kwenda Norway, 700 kwenda Uholanzi tangu 2019, Viking Link ya 1,400 kwenda Uingereza tangu Desemba 2023, na njia kadhaa za Ujerumani. Upepo ukivuma sana, bei inaweza kufika sifuri au hata chini yake. Upepo ukitulia jioni ya baridi kote kaskazini mwa Ulaya, mtambo wa gesi wa Ujerumani ndio unaoamua unacholipa Odense. Tarehe 12 Desemba 2024, kati ya saa 11 na saa 12 jioni, bei ya soko ilifika karibu kroner 7 kwa uniti, kabla ya ada na moms.

Wapo wanaosema serikali ijenge tu mashamba zaidi ya upepo baharini. Desemba 2024 mnada wa gigawati 3 katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa bila kampuni hata moja kuomba. Gharama za ujenzi zilikuwa zimepanda, na mwekezaji alijua kwamba upepo unapovuma vizuri mitambo yote inauza kwa wakati mmoja na bei inaanguka. Bei ya chini inayokufurahisha usiku wa manane ndiyo hiyohiyo inayomtisha yeye. Jambo hili si la kauli mbiu.

Na bei ikiwa chini ya sifuri, usiwashe kila kitu ukidhani utalipwa. Bado kuna ada ya netselskab, yaani kampuni ya waya za eneo lako, ada za Energinet inayoendesha gridi ya taifa, na nyongeza ya muuzaji.

Ada ya waya ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Tangu 2023 kampuni nyingi hutoza kwa ngazi tatu. Saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi ni ngazi ya chini. Saa 11 jioni hadi saa 3 usiku ni ya kilele. Saa zilizobaki ni ya kati. Kuanzia Oktoba hadi Machi ngazi ya kati kwa kawaida ni mara 3 ya ile ya chini, na kilele ni mara 9. Tuseme ngazi ya chini kwako ni øre 10 na unachaji gari uniti 40. Ukianza saa 8 usiku unalipa kroner 4 za waya. Ukiichomeka unapotoka kazini saa 11 jioni unalipa 36, na bei ya soko nayo kwa kawaida iko juu saa hizo. Kubadilisha muuzaji hakugusi ada hii hata kidogo, kwa sababu kampuni ya waya huchagui. Hakugusi pia waya wala mita yako: ukinunua “umeme wa kijani” unalipia vyeti vya asili ya umeme, ila unaofika nyumbani ni uleule wa jirani.

Kuhusu paneli za jua: ule mpango wa kupeleka umeme kwenye gridi kiangazi na kuuhesabu upya majira ya baridi ni wa mitambo ya zamani, na ulifungiwa wapya Novemba 2012. Leo unaokoa kwa umeme unaoutumia papo hapo. Unaozidi unauzwa kwa bei ya soko ya wakati huo, ambayo adhuhuri ya Juni huwa duni. Na kwa kuwa kodi imeshuka, kila uniti unayojizalishia inakuokolea øre 89 pungufu ya 2025. Ukiletewa hesabu ya mauzo iliyoandikwa kabla ya hapo, ikatae. Mtambo lazima uunganishwe na fundi mwenye idhini na usajiliwe kwa netselskab.

Sasa taratibu. Ukihama, mjulishe muuzaji mapema tarehe ya kutoka na anwani mpya. Usipofanya hivyo, utaendelea kulipia matumizi ya aliyeingia baada yako. Ukiingia nyumba ambayo umeme unawaka bila mkataba wako, barua ya onyo itafuata, kisha umeme utakatwa, na kurudishiwa ni mamia ya kroner.

Muuzaji kukupigia simu bila wewe kuomba ni kosa kisheria, na ahadi uliyotoa kwenye simu hiyo haikufungi. Mkataba uliofanya kwa hiari mtandaoni una siku 14 za kujitoa.

Ukichelewa kulipa, kila barua ya kukumbushwa (rykker) inaweza kutozwa hadi kroner 100, zisizidi tatu kwa deni moja, kwa nafasi ya angalau siku 10. Baada ya hapo huongezwa ada ya inkasso (ukusanyaji wa madeni), riba, na uwezekano wa jina kuingia RKI, orodha ya wadaiwa sugu, ambako linaweza kukaa hadi miaka 5 na kukunyima mkopo au hata mkataba wa simu. Fungua Digital Post, sanduku lako rasmi la barua mtandaoni. “Sikuiona barua” haikubaliwi.

Ukiona kosa, ingia eloverblik.dk, tovuti inayoonyesha matumizi yako ya umeme, kwa MitID (kitambulisho chako cha kidijitali), pakua matumizi yako na uyalinganishe na bili. Mwandikie muuzaji kwanza, kwa maandishi, ukitaja namba ya bili, na ulipe sehemu usiyoipinga. Asipokubali, peleka kwa Ankenævnet på Energiområdet, bodi ya malalamiko ya wateja wa nishati. Kuna ada ya kufungua shauri, ambayo hurudishwa ukishinda. Bei ya soko kuwa juu, peke yake, si msingi wa shauri.