Kwa nini haondoki? Kupanga lokesheni na wahusika wa filamu ya taharuki

Wanafunzi wengi wanaoniletea wazo la filamu ya taharuki huwa tayari wana muuaji. Kinyago chake wanakijua, kisu wanacho, na pengine hata muziki wameshauchagua. Nikiwauliza mambo yatatokea wapi, jibu huwa "kwenye jumba lililotelekezwa" au "msituni usiku". Hapo huwa nawasimamisha. Katika filamu ya aina hii, mahali na mtu hupangwa pamoja, tena kabla ya kuandika sini (tukio la mahali na wakati mmoja) ya kwanza.

Swali ninaloanza nalo ni hili: kwa nini mhusika haondoki? Mtu mwenye akili timamu akihisi hatari hukimbia. Usipompa sababu ya kubaki, mtazamaji ataanza kumzomea mhusika badala ya kumwonea huruma, na kuanzia hapo hakuna mlango utakaogongwa ukamshtua. Mlango uliokwama, simu iliyoisha chaji, gari lisilowaka: hizo zote ni sababu za mahali peke yake, na mtazamaji ameshazizoea. Sababu yenye nguvu hutoka kwa mhusika na mahali kwa mpigo mmoja.

Chukua maktaba ya chuo baada ya saa za kufunga. Kuna msichana amejificha kati ya rafu, na kwenye mkoba wake kuna karatasi ya mtihani aliyoiba, ambayo sasa anataka kuirudisha kabla ya asubuhi. Mlango wa dharura uko wazi. Anaweza kutoka dakika yoyote. Akitoka bila kuirudisha, kesho ataumbuka. Mlinzi anapita na tochi. Msichana anazuia pumzi, tochi inapotea, kisha kitabu kinaanguka upande wa pili wa ukumbi, mahali ambapo mlinzi hajafika. Hujatumia damu, hujatumia kinyago, na tayari una hatari mbili zenye sura tofauti: mmoja atamfichua, mwingine hatujui anataka nini. Maktaba ile ile bila siri ya msichana ni chumba chenye vitabu tu.

Kwa hiyo, andika kwanza orodha ya sehemu ambazo una uhakika wa kupata ufunguo na ruhusa, halafu utafute mhusika ambaye sehemu hiyo inambana. Christopher Nolan alitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, Following ya mwaka 1998, kwa kurekodi mwishoni mwa wiki pamoja na marafiki waliokuwa na kazi zao, katika nyumba za ndugu na marafiki. Hadithi inahusu mtu anayefuata watu asiowajua mitaani na kuishia kuingia kwenye nyumba za watu. Tazama jinsi hadithi hiyo inavyohitaji kile kile alichokuwa nacho: barabara na nyumba za kawaida. Filamu haionekani kama imepunguziwa kitu.

Ukishapata mahali, nenda ukapakague saa ile ile utakayorekodi. Asubuhi na jioni ni lokesheni mbili tofauti kwa mwanga na kwa sauti. Simama katikati ya chumba, funga macho, usikilize: friji, feni, jenereta la jirani, magari. Kimya ndicho chakula cha taharuki, na mngurumo wa friji ukishaingia chini ya mazungumzo, kuutoa kwenye uhariri ni kazi ngumu. Siku ya kurekodi, chukua angalau sekunde 30 za sauti ya chumba kitupu. Zitakusaidia kuziba mapengo ya sauti kwenye uhariri. Kagua pia kama mwanga wa taa unachezacheza kwenye kamera. Umeme ukiwa wa hezi 50, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) kwenye sekunde 1/50; ukiwa wa hezi 60, weka 1/60.

Angalia kuta. Chumba kidogo chenye kuta nyeupe hutesa sana wapiga picha wanafunzi, kwa sababu mwanga unagonga ukuta na kurudi kila upande, na giza linakosa pa kukaa. Mimi huchagua sehemu yenye kina: korido nyuma ya mhusika, mlango nusu wazi, ngazi. Jicho la mtazamaji litalinda ule uwazi hata kama hakuna atakayetokea. Kama chumba cheupe ndicho pekee ulichonacho, msogeze mwigizaji mbali na ukuta kadiri nafasi inavyoruhusu na utundike kitambaa cheusi upande usiotakiwa kuwaka.

Chumba kimoja kinatosha ukikipangia mabadiliko. Sidney Lumet, alipoongoza 12 Angry Men ya mwaka 1957, karibu filamu nzima ikiwa ndani ya chumba ambamo wazee wa baraza la mahakama wanajadili uamuzi wa kesi, alianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, akaishusha hadi usawa wa macho, na mwishoni akaiweka chini yake hadi dari likaanza kuonekana. Lenzi nazo alizidi kutumia ndefu zaidi, zile zinazovuta vitu karibu, ili kuta zionekane zinawasogelea wahusika. Hayo mwanafunzi anaweza kuyapanga kwa penseli, bila gharama.

Penseli hiyo hiyo ichore ramani ya lokesheni kama inavyoonekana kutoka juu. Weka alama ya kila mlango, kila dirisha, na njia ya kila mhusika. Kisha jiulize nani anapajua zaidi mahali hapo. Kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote. Anayewindwa akiijua nyumba kuliko anayemwinda, una mchezo wa akili. Mwindaji akiijua zaidi, una hofu. Ujuzi huo ukibadilika mikono katikati ya filamu, umepata kilele chako. Lakini mwonyeshe mtazamaji mlango wa dharura mapema, hatari ikiwa bado mbali, ili baadaye ajue mhusika anaikimbilia njia gani na anaiacha ipi.

Kwa filamu fupi, wahusika watatu wanatosha kabisa. Waandike wenye umri wa waigizaji ulionao. Kijana wa chuo akivaa koti la mpelelezi mkongwe, taharuki inageuka igizo la shule. Na adui wako atake kitu kinachoeleweka. Yule aliyeangusha kitabu maktabani anaweza kuwa mwanafunzi aliyemuuzia msichana ufunguo, naye anaogopa kutajwa. Hofu yake ni ya kweli kama ya msichana, na ndiyo maana anatisha.

Ruhusa ya mwenye mahali ichukue kwa maandishi. Kama kuna silaha ya bandia au kelele za kuomba msaada, wajulishe majirani, walinzi na polisi mapema, na silaha hiyo isionekane hadharani kabla wala baada ya shoti (kipande kinachorekodiwa). Paa, maji na barabara yenye magari viache. Sini za usiku za ndani zirekodi mchana kwa kuziba madirisha na vitambaa vyeusi, maana kikosi kilichokesha huanza kusahau kamba za taa sakafuni, na mwigizaji aliyechoka hawezi kuigiza hofu.