Mwani Hauelei Ovyo Majini

Maji ya kidimbwi yakigeuka kijani, wengi husema yameingia uchafu. Tone lake likiwekwa chini ya hadubini, huonekana mwani, viumbe vidogo vyenye shughuli nyingi. Mwani uliochunguzwa kuliko mingi ni Chlamydomonas, wa seli moja tu yenye upana wa takriban maikromita 10. Huogelea kwa mijeledi miwili iliyo mbele, ikivuta maji kama mikono ya mwogeleaji.

Ubavuni una doa la rangi ya chungwa. Seli huenda ikijizungusha, hivyo protini zinazopokea mwanga karibu na doa hilo humulikwa, kisha hufunikwa kivuli, kisha humulikwa tena. Kwa kupishana huko seli hutambua mwanga unakotoka. Mwanga wa wastani huufuata. Ulio mkali huukimbia, kwa sababu kloroplasti, sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga, ikipokea nishati inayozidi uwezo wake huzalisha kemikali zinazoidhuru seli yenyewe. (Protini hizo, channelrodopsini, leo hutumiwa na watafiti wa ubongo kuamsha seli za neva kwa mwanga.)

Njaa nayo huubadilisha. Naitrojeni ikiadimika, seli hugeuka gameti, yaani seli za uzazi. Mbili za jinsi tofauti huungana kuwa zigoti, seli moja yenye ukuta mnene unaohimili ukavu. Ndiyo sababu kidimbwi kilichokauka huweza kurudia ukijani baada ya mvua. Haematococcus, mwani mwingine, hufuata njia nyingine: ikibanwa na jua kali na ukosefu wa virutubisho, hujilimbikizia astaksanthini, rangi nyekundu, na maji huonekana kama yamemwagiwa damu.

Kinachonishangaza zaidi ni Scenedesmus. Ikihisi kemikali zitokazo kwa dafnia, mnyama mdogo wa majini anayeila, seli zake mpya hubaki zimeshikamana katika makundi ya nne au nane, yasiyomezeka kirahisi. Lakini kundi huzama upesi kuliko seli moja, likauacha mwanga juu. Basi hatari ikiondoka, seli zinazozaliwa baadaye huishi mojamoja.

Fosforasi ya mbolea na maji taka huvuruga mizani hii. Mwani huichota kuliko unavyohitaji, huweka akiba, kisha huongezeka kwa kasi. Mchana hutoa oksijeni; usiku huitumia, na bakteria wanaoozesha uliokufa huimaliza iliyobaki. Samaki wakikutwa wamekufa alfajiri, hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Utando wa kijani unaotanda juu ya maji mara nyingi si mwani halisi bali ni sianobakteria, aina ya bakteria kama Microcystis, wanaopanda juu kwa vifuko vya gesi. Baadhi yao hutoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Kuchemsha maji hakuiondoi, kwa hiyo maji yenye utando huo yasinywewe wala mifugo isinyweshwe.