Pikipiki za spoti za bei nafuu: nchi ya kiwanda si kipimo cha ubora

Wiki haipiti bila mteja kuitazama pikipiki ya spoti ya bei nafuu niliyoifungua na kuniambia kwamba hiyo ni ya Kichina, kwa hiyo haina maisha. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na siku hizi humjibu kwa kumuuliza yake yenye jina kubwa iliundwa wapi. Wengi hawajui.

BMW G 310 R ilitengenezwa na kampuni ya TVS mjini Hosur, India, na injini yake ya cc 313 ni ndugu wa ile iliyomo ndani ya Apache RR 310 ya TVS yenyewe. KTM RC 390 imekuwa ikitoka kiwanda cha Bajaj kilichoko Chakan, karibu na Pune. Kawasaki Ninja 400, ambayo sijamsikia mtu akiitilia shaka, iliundwa Thailand. Skuta ya BMW C 400 X inatengenezwa China na kampuni ya Loncin, na Benelli, pamoja na jina lake la Kiitalia, imekuwa mali ya kampuni ya Kichina ya Qianjiang tangu 2005. Anayehukumu kwa nchi atalazimika kuzikataa hizi zote, au akubali kwamba kipimo chake hakipimi kitu.

Ubora huamuliwa na masharti aliyopewa mtengenezaji: bolti ziwe za chuma gani, vipimo vya pistoni viruhusiwe kupishana kwa kiasi gani, na kipande kilichokosewa kitupwe au kifungwe hivyo hivyo. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa kazi za viwango viwili kwa siku moja, kwa kuwa kila mwenye oda amelipia ukaguzi wake. Anayetaka kupunguza gharama hupunguzia mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki, na ndiyo maana ninapoombwa kukagua pikipiki ya bei nafuu sianzi na injini. Nyingi za silinda moja nilizozifungua zilikuwa safi ndani. Huanza kwa kuinua tangi nitazame soketi za nyaya kama zina mpira wa kuzuia maji, kisha naangalia kama nyaya zimefungwa mbali na kona za fremu zinazoweza kuzikata, kama mshono wa kulehemu unakwenda sawasawa hadi mwisho, na kama vichwa vya bolti vimeanza kutu.

Mteja mmoja aliniletea pikipiki iliyokuwa imekwenda kilomita 6,000, akilalamika kwamba usukani unajivuta wenyewe katikati na kwamba pikipiki inayumba kwenye kona. Alikwishabadilisha tairi mbili bila nafuu. Nilipofungua shingo ya usukani nilikuta beringi ya juu ina grisi ya kutosha, lakini ile ya chini ilikuwa kavu kabisa, imebeba vumbi la kutu la rangi ya hudhurungi, na gololi zilikuwa zimechimba vishimo kwenye njia zake. Kasoro hiyo ilitokana na mtu aliyeruka hatua moja ya kazi na mkaguzi ambaye hakuwepo. Beringi mpya na grisi viliimaliza, na pikipiki hiyo inatembea vizuri hadi leo. Ushauri wangu, ambao narudia hata nikichosha, ni kwamba pikipiki mpya ya bei nafuu ipelekwe kwa fundi kabla ya kilomita ya kwanza, ikazwe bolti zote kwa kipimo, ipakwe grisi kwenye beringi za usukani na za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na ikaguliwe nyaya.

Upande wa pili wa dhana hiyo ni imani kwamba chapa kongwe haikosei. Yamaha ililazimika kuziita tena kiwandani pikipiki zake za R1 za mwaka 2015 ili kubadilisha sehemu za sanduku la gia. Ninachokithamini hapo ni kwamba kosa lilitangazwa, vipuri vikapatikana na kazi ikafanywa kwa gharama ya mtengenezaji. Sehemu kubwa ya bei ya ziada inalipia uwajibikaji huo, ambao kampuni nyingi changa bado hazijauonyesha.

Wapo pia wanaoamini kwamba shokapu za mbele zilizogeuzwa, zenye mirija minene juu, ni ushahidi wa pikipiki ya mashindano. Umbo hilo ni rahisi kuiga, ila vali za ndani zinazotawala mwendo wa mafuta ndizo kazi ngumu, na hazionekani dukani.

Kuhusu kasi, mshale wa spidi si ushahidi. Kanuni za kimataifa zinakataza kipimo hicho kuonyesha chini ya kasi halisi, hivyo watengenezaji hukiacha kisome juu kidogo, na mabishano ya nani alifika kilomita ngapi kwa saa hayana maana bila kifaa cha GPS.

Kuhusu vipuri, muuzaji atasema vya pikipiki nyingine vinaingia. Padi za breki huenda zikaingia. Kifuniko cha klachi, rejeta na taa ya mbele mara nyingi haviingii. Kabla ya kulipa, mwombe bei ya mkono wa breki, kebo ya klachi na taa ya mbele, na akuonyeshe kimoja kikiwa stoo. Akianza kuzungumzia kuagiza, muulize oda zilizopita zilichukua siku ngapi kufika, na uandike jibu lake.