Paspoti inahesabiwa kutoka siku unayoshuka melini, sio siku unayopanda

Kaskazi ikishaanza kuvuma simu za ofisini kwetu hubadilika. Watu hawaulizii tena hoteli ya Diani wala ndege ya Nairobi, wanaulizia meli za kitalii, kwa sababu washaziona zimefunga gati pale Kilindini, watalii wanashuka wanapandishwa mabasi kwenda Tsavo, na mtu anajiambia mbona na mimi nisiende. Uende kabisa, kazi yangu ndo hiyo kukupeleka. Lakini swali la kwanza nitakalokuuliza sio la pesa, nitakuuliza paspoti yako inaisha lini, na ukinijibu "iko sawa hiyo, ina mwaka huu wote" bado nitakwambia nitumie picha ya ule ukurasa wenye sura yako nihesabu mwenyewe.

Manake wengi wanaangalia tarehe ya kuisha tu, wakiona safari inaangukia kabla ya hapo wanaona mambo tayari. Haiendi hivyo. Nchi nyingi, na kampuni nyingi sana za meli, zinataka paspoti iwe bado na miezi sita mbele baada ya safari kwisha. Tuhesabu pamoja. Sema paspoti yako inaisha Agosti 20, na meli inatoka Dubai Machi 8 inarudi Machi 15. Ukihesabu miezi sita kutoka Machi 8 unafika Septemba 8, hapo tayari umepungukiwa. Ukihesabu inavyotakiwa, kutoka siku ya kushuka, unafika Septemba 15, yaani umekosa siku 26. Paspoti yenyewe ni halali, haijaisha, haina doa, na bado pale kaunta ya bandarini wanaweza kukuzuia usipande, na nauli usitarajie kurudishiwa kwa sababu kwenye yale masharti uliyoyabonyeza kukubali bila kuyasoma kumeandikwa karatasi za safari ni jukumu la abiria. Inauma sana kumuona mtu na masanduku yake na watoto washavaa vizuri anaambiwa rudi nyumbani, ndo maana nalisema hili kila mara hata mteja akiniona nasumbua.

Wengine huniuliza kwa hasira kidogo, mimi naenda wiki moja tu, hiyo miezi sita ya nini? Ni kwa sababu safari ya baharini inaweza kurefuka bila mtu yeyote kupenda. Kuna meli inaitwa Zaandam, ilitoka Buenos Aires Machi 7, 2020, abiria walikuwa washuke Chile Machi 21, lakini korona ikaingia melini, bandari zikafungwa moja baada ya nyingine, na mwisho wake walikuja kushukia Fort Lauderdale kule Florida, Aprili 2. Angalia hapo, mtu alipanga kumalizia Chile akajikuta Marekani. Na sio maradhi peke yake, tangu mwisho wa 2023 meli kibao zilizokuwa zipite Bahari ya Shamu na Suez zilizungushwa mpaka rasi ya Afrika Kusini kwa sababu ya mashambulizi ya meli yaliyokuwa yanatokea Yemen. Na pia wewe mwenyewe unaweza kuugua katikati ya safari, nahodha akaamua ushushwe bandari ya karibu ulazwe hospitali, meli ikaenda zake, na hapo unabaki kwenye nchi ambayo hukupanga kulala hata usiku mmoja, na kinachokutambulisha ni hiyo paspoti.

Sasa sio kila nchi inadai miezi sita, na hapa ndo watu huchanganyikiwa kwa sababu mmoja anasoma sheria ya nchi moja anaibeba safari nzima. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, wanataka miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka kwao, na paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Afrika Kusini wanataka siku 30 baada ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Uturuki wana hesabu yao, siku 60 juu ya muda wa kukaa unaoruhusiwa kwenye viza. Singapore ni miezi sita, na Kenya yetu wenyewe tunamdai mgeni miezi sita toka anapofika, kwa hivyo kama una shangazi yuko Oman au Uingereza anataka kuja, mwambie na yeye aangalie ya kwake. Ukipanda meli inayogusa nchi nne, ile sheria kali kuliko zote ndo inakuwa yako, na ikiwa bandari zote zimelegea lakini kampuni ya meli inasema miezi sita, basi ni miezi sita, hakuna cha kubishana. Usisahau na ndege ya kukufikisha kwenye meli, pale uwanja wa ndege wa Moi wanaikagua paspoti kabla hata hujaiona bahari ya huko.

Halafu kuna hii ya viza ambayo naiona kila msimu. Mama mmoja wa Kizingo alikuja kwangu na mabinti zake wawili, washanunua safari kwa ejenti mwingine, meli inatokea Piraeus pale Athens, inapita Mykonos, inaenda Kuşadası, halafu Rhodes, inarudi Piraeus. Viza ya Schengen wanayo, imebandikwa vizuri, na mama amefurahi. Nikamwambia mama, hebu tutazame hapa pamoja, kwenye ile stika kuna sehemu ya idadi ya kuingia, yake ilikuwa imeandikwa 01. Kuşadası ni Uturuki. Meli ikifunga pale umeshatoka Schengen, na ikienda Rhodes, ambayo ni Ugiriki tena, unaingia mara ya pili, na 01 ni mara moja basi. Ilitakiwa isome 02, au MULT yaani mara nyingi. Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, si tuko kwenye meli ileile?" Na namuelewa kabisa, kwa sababu akilini mwa mtu ukiwa kwenye chumba chako cha meli hujaenda popote, lakini uhamiaji hawaangalii chumba chako wanaangalia bandari. Bado walikuwa na muda, tukaomba upya tukiambatanisha ratiba kamili ya meli yenye kila bandari na kila tarehe, wakapata. Dubai pia ni hivyohivyo, meli ikitoka ikaenda Doha ikarudi unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Na kwa wanaopenda hizi njia zetu za Bahari ya Hindi, Mauritius, Madagaska, Shelisheli: kama meli inagusa Réunion, ile ni Ufaransa lakini haimo ndani ya Schengen. Viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi pale mpaka iwe imeandikwa wazi kwamba inafaa na huko.

Kurasa nazo muziangalie jamani. Schengen wanataka kurasa mbili tupu kabla hawajakupa viza, na ukurasa wenye muhuri mmoja mdogo pembeni sio tupu. Paspoti zetu zinatoka za kurasa 34, 50 na 66, mimi kwa mtu anayesafiri kila mwaka namwambia achukue ya 50 aache kubana. Na hali ya kitabu chenyewe, hapa pwani kuna unyevu na chumvi, paspoti inakaa kwenye droo miaka mitano unaitoa kurasa zimejikunja na zina madoa ya maji. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ule ukurasa wa picha, ukihisi umeanza kuachana au kupasuka, badilisha, usingoje afisa wa nchi ya watu akuamulie.

Kubadilisha ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, unajaza, unalipa, unachukua siku, unaenda na karatasi zako ofisi ya uhamiaji pale jengo la Uhuru na Kazi, Mombasa, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ushauri wangu, ikibaki mwaka mmoja anza, usingoje miezi sita. Na fuata mpangilio huu: paspoti kwanza, viza baadaye, malipo kamili ya meli mwisho. Watu wanafanya kinyume, wanaona ofa wanalipa yote alafu ndo wanakumbuka paspoti, na hapo wanaanza kukimbizana na tarehe. Kingine, paspoti mpya inakuja na namba mpya, kwa hivyo ikiwa ulishajiandikisha melini na namba ya zamani ingia ubadilishe, kwenye meli na kwenye ndege pia. Kama ile ya zamani ina viza ya Marekani ambayo bado haijaisha, usiitupe wala usiichane, safiri na zote mbili, viza inatumika bado maadamu haijaharibika.

Ukishapanda, kwenye baadhi ya safari wahudumu watachukua paspoti zenu wakae nazo ili wamalizane na maafisa wa bandari. Usiogope, ni utaratibu wao, ila uwe na kopi ya karatasi mfukoni na picha kwenye simu kabla hujaitoa mkononi.

Na vijana wangu mnaoenda kufanya kazi melini, kitabu cha ubaharia hakichukui nafasi ya paspoti, vinatembea pamoja. Mkataba wa miezi tisa ukiongeza ile miezi sita ni miezi 15, kwa hivyo paspoti iliyobakisha mwaka mmoja haikutoshi, hata kama ejenti amekwambia njoo tu. Badilisha kabla hujaenda kuomba viza ya C1/D, ile ya Marekani ya wafanyakazi wa meli, manake ukipata mkataba mwisho wa mwezi na meli inakungoja Miami hutakuwa na nafasi ya kuanza foleni upya.