Kwa nini Moshi Mjini ilikaa miaka 25 bila mbunge wa CCM?

Uchaguzi wa 2005 ulikuwa mafuriko. Jakaya Kikwete wa CCM, chama tawala, alipata asilimia 80 ya kura za urais, na katika majimbo yote ya nchi CHADEMA, chama cha upinzani, iliambulia matano tu. Moja kati ya hayo matano lilikuwa Moshi Mjini, mkoani Kilimanjaro, kwa mzee Philemon Ndesamburo, mfanyabiashara ambaye watu walimwita Ndesa Pesa. Haikuwa bahati ya mwaka mmoja. Tangu vyama vingi viliporudi, CCM haikupata ubunge wa mji ule hadi 2020.

Jibu la kijiweni ni la haraka: "Si Wachagga hao!" Basi tazama majimbo jirani ya Wachagga kwenye ramani ya 2005 hiyohiyo. Rombo alishinda Basil Mramba wa CCM. Moshi Vijijini, Vunjo na Hai, zote CCM. Kama lingekuwa suala la kabila, wa kwanza kuasi wangekuwa Wachagga wa migombani kule juu mlimani, si mji ambao ndani yake wamo Wapare, Wahindi na kila aliyeshuka stendi akaona pa kufungua genge.

Wala haikuwa mapenzi ya chama. Mwaka 1995 mji ulimchagua Joseph Mtui wa NCCR-Mageuzi, chama kingine cha upinzani. Miaka mitano baadaye NCCR imeshachanika kwa ugomvi wa viongozi, na wapiga kura wakahamia CHADEMA bila kuaga. Bendera ilibadilika, CCM ikabaki nje vilevile. Kwa hiyo swali halisi ni hili: mji ule ulikuwa na neno gani na serikali?

Kwangu mimi, neno lenyewe ni kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na 1933 kikazaliwa KNCU, muungano wa ushirika uliouza kahawa na kusomesha watoto. Fedha ya mlimani ilishukia Moshi: kiwanda cha kukoboa, mnada, maduka, ofisi. Mji mzima uliishi kwa biashara ambayo watu waliiona ni yao. Halafu mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU kikiwamo. Vilirudishwa miaka ya 80, lakini ukimnyang'anya mtu jembe lake ukamrudishia baadaye, hasahau ni nani alilichukua.

Shule nazo zina hadithi inayofanana. Miaka ya 70 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mgao wa mikoa, ili waliobaki nyuma nao wapate. Kitaifa ilikuwa haki, na sioni aibu kusema hivyo. Kwa mzazi wa Kilimanjaro ambaye mwanawe amefaulu akaachwa, ilikuwa adhabu. Wazazi na makanisa wakachangishana, wakajenga shule zao. Mtu aliyejijengea shule hababaishwi na mgombea anayekuja kuahidi darasa.

Na kupiga kura hakukuwa jambo geni. Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alipatikana kwa uchaguzi mwaka 1951, na 1960, kabla hata ya Uhuru, watu walewale wakapiga kura kuuondoa umangi mkuu wa maisha na kuweka rais wa Wachagga wa kuchaguliwa. Kumweka mkubwa na kumwondoa walishajua.

Yote hayo yalikuwa kuni kavu. Kiberiti alikileta Augustino Mrema, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani na naibu waziri mkuu, ambaye alihama CCM mwaka 1995 na kugombea urais kwa NCCR-Mageuzi huku vijana wakilisukuma gari lake barabarani. Akashindwa kitaifa, ila Moshi ilikuwa imekwisha kuona kwamba inawezekana.

Baada ya hapo mazoea yakajiendesha. Ndesamburo alikaa vipindi vitatu. Halmashauri nayo ikaangukia mikononi mwa CHADEMA, mji ukiendelea kusifiwa kwa usafi, na meya wake, Jafari Michael, ndiye aliyerithi ubunge mwaka 2015.

Ndipo ikaja 2020. Priscus Tarimo wa CCM akatangazwa mshindi, katika uchaguzi ambao CHADEMA iliukataa na ambao uliiachia jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini. Je, Moshi iligeuka? Wapo wanaoapa kwamba vijana wa sasa hawana habari na ushirika wala mgao. Inawezekana. Lakini Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura, baada ya kuzuiwa kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Kipimo cha mwisho ambacho pande zote mbili zilikubali kukisoma Moshi Mjini bado ni kile cha 2015.