Masega ya gari si chujio

Gari likipoteza nguvu, gereji nyingi za Dar es Salaam zina jibu moja: "Masega yameziba, tuyatoe." Wanamaanisha kile kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi (catalytic converter). Fundi anakata ekzosi, anagonga udongo wa ndani mpaka utoke wote, anachomelea ganda tupu na kulirudisha. Ule udongo unaishia kwa mnunuzi wa chakavu, kwa bei ambayo mwenye gari haambiwi. Una platinamu, paladiamu na rodiamu.

Shida ni kudhani masega ni chujio linalojaa uchafu. Hayachuji kitu. Ni kipande cha udongo maalumu chenye vijitundu vingi vilivyonyooka, kuta zake zimepakwa madini hayo kwa utando mwembamba. Moshi unapita, gesi zinabadilika. Platinamu na paladiamu zinaikutanisha kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na oksijeni, inakuwa kaboni dioksidi. Mvuke wa petroli ambao haukuungua unageuka kaboni dioksidi na maji. Rodiamu yenyewe inazinyang'anya oksidi za nitrojeni oksijeni yake, inabaki nitrojeni tu. (Kaboni dioksidi bado inatoka, ndiyo. Masega yanalinda mapafu, si tabianchi.)

Utamu uko hapa. Kazi ya platinamu na paladiamu inataka oksijeni; ya rodiamu inakwama oksijeni ikizidi. Zote zinawezekana kwa pamoja pale tu injini inapochoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ndiyo maana kuna sensa ya oksijeni, ambayo Volvo iliifunga kwenye magari ya modeli ya 1977 yaliyokwenda California. Kompyuta ya gari huisoma sensa hiyo na huongeza petroli kidogo, hupunguza kidogo, bila kutulia, na seriamu, madini mengine yaliyomo kwenye masega, hutunza oksijeni ikizidi na kuitoa ikipungua.

Kwa hiyo mimi sianzi na msumeno, naanza na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kwenye gari lenye sensa za kawaida, ile iliyo mbele ya masega hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, iliyo nyuma yake imetulia. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, seriamu haitunzi tena. Tegemea msimbo P0420, yaani kompyuta inasema masega hayafanyi kazi ipasavyo.

Kabla hujanunua mapya, tafuta kilichoua ya zamani. Zamani ilikuwa madini ya risasi (ledi) ya kwenye petroli, lakini Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Siku hizi ni ringi za pistoni zilizochoka, injini inakula oili na fosforasi yake inafunika madini. Au koili, inayoipa plagi umeme wa cheche: ikifa, silinda moja inamisi (haichomi), petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega, udongo unayeyuka. Hapo kweli yameziba. Ukiyagonga, gari litachangamka kwa sababu njia imefunguka, lakini koili mbovu bado ipo, na petroli ile sasa inamfikia ilivyo bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni. Badilisha koili kwanza.