Nyota chipukizi: kubalehe mbele ya macho ya umma

Nyota chipukizi ni mwanamuziki anayepata umaarufu kabla ya kutimiza miaka 18, umri ambao sheria ya Kongo ya mwaka 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inauweka kuwa mpaka wa utoto. Kinachomtofautisha na msanii mwingine ni kwamba anabalehe, anakosea na kubadilika huku maelfu ya watu wasiomjua wakimtazama.

Hapa Goma wengi wanamkumbuka Innoss'B, mzaliwa wa mji huu, aliyeshinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa na miaka 13, kisha mwaka 2019 akavuma hadi Afrika Mashariki kwa wimbo aliourudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Mashabiki hukumbuka tarehe hizo mbili, lakini dhana tunayoieleza inahusu hasa miaka iliyo katikati yake.

Ndiyo miaka ambayo sauti ya mvulana huvunjika. Mwanakwaya wa Majengo, mtaa wa hapa Goma, akifikia umri huo, mwalimu humtoa sauti ya kwanza, iliyo ya juu, na kumpeleka ya tatu au ya nne, zilizo za chini, wenzake humcheka kidogo, na yanaisha. Nyota chipukizi akikosa noti jukwaani, simu zimekwisha kumrekodi, video inazunguka WhatsApp kabla hajashuka, na huenda akaonyeshwa tena atakapokuwa baba wa watoto. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wote: kijana huyu ananyimwa nafasi ya makosa yake kusahauliwa, nafasi ambayo kila mtoto wa mtaani anayo bila hata kujua.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa Britney Spears wa Marekani, aliyetoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1998 akiwa na miaka 16. Alipofika utu uzima wapigapicha walimwandama usiku na mchana, na siku aliponyoa nywele zake mwaka 2007 picha zilienea duniani kote kana kwamba mateso yake yalikuwa sehemu ya onyesho. Mwaka uliofuata mahakama ya California iliweka maisha na mali yake chini ya usimamizi wa wengine, akiwamo baba yake, na usimamizi huo ulifutwa Novemba 2021 tu.

Zipo sheria za kumlinda kijana kama huyu. Upande wa fedha, California imekuwa na sheria tangu 1939, na leo inataka asilimia 15 ya mapato ya msanii mtoto iwekwe akiba kwa jina lake. Upande wa faragha, Kongo iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 16 kinakataza kuingilia kiholela maisha ya faragha ya mtoto, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake, wala hakimwachi nje mtoto mwenye mashabiki.